Karani wa hesabu na mfumo unaosoma risiti: ubaki, usome au uondoke?

"Nina miaka 36 na stashahada ya uhasibu. Mwaka huu nimetimiza miaka tisa nikiwa karani wa hesabu kwenye kampuni inayouza vifaa vya ujenzi kwa jumla hapa Kariakoo. Tuko makarani watatu. Mshahara wangu wa msingi ni 650,000, na tunafanya kazi siku sita kwa wiki. Mwezi uliopita tajiri ameleta mfumo mpya: unapiga picha risiti kwa simu, wenyewe unasoma na kuandika kwenye leja, miamala ya benki na ya lipa namba inajileta yenyewe. Kijana aliyeufunga ameniomba nikae naye nimweleze tunavyopanga matumizi. Nimesikia pembeni kwamba baada ya miezi mitatu atabaki karani mmoja. Wenzangu wananiambia nisimfundishe kitu. Nimeona kozi ya miezi mitatu ya kuandika programu za kompyuta, ada 1,500,000. Dada yangu anasema nisubiri kiinua mgongo nifungue duka. Mume wangu anasema nirudi nikasomee CPA, ule uhasibu wa juu wenye usajili. Nishike lipi?"

Dada, pole kwa wasiwasi, na umefanya vizuri kuuliza kabla barua haijaandikwa. Nianze na lile unaloliogopa zaidi: minong'ono hiyo inaweza kuwa kweli. Makarani watatu ambao sehemu kubwa ya siku yao ni kunakili risiti na ankara, wakiletewa mfumo unaonakili wenyewe, saa za kazi za watu wawili hivi zinayeyuka kweli. Anayekwambia mashine haiwezi kumwondoa mtu anakufariji tu. Ila mfumo huo una mwezi mmoja. Tajiri hajui bado utakwama wapi, nani ataukwamua, na ukikosea itamgharimu kiasi gani. Hayo yatajulikana ndani ya miezi hii mitatu, na atakayeonekana amesimama pale mfumo unapokwama ndiye mwenye nafasi kubwa ya kubaki. Kozi, duka na CPA vyote vinaweza kungoja miezi mitatu. Hili haliwezi.

Kwanza uuelewe huo mfumo unafanya nini, maana ukiuogopa kama jini hutauona udhaifu wake. Picha ya risiti ikipigwa, programu inatafuta maumbo ya herufi na tarakimu, inayageuza kuwa maandishi, kisha inakisia ipi ni tarehe, ipi TIN (namba ya mlipakodi) ya muuzaji, ipi jumla na ipi VAT (kodi ya ongezeko la thamani). Nasema inakisia kwa makusudi. Haijui mzigo uliuona au hukuuona. Inalinganisha na risiti nyingi zilizopita na kuchukua jibu linaloelekea zaidi. Baada ya hapo inachagua akaunti ya kuingiza, na hapo inategemea historia: kama risiti ishirini za kituo fulani cha mafuta ziliingizwa "mafuta ya magari", ya ishirini na moja itakwenda hukohuko, hata kama safari hii ilikuwa dizeli ya jenereta. Upande wa benki na lipa namba, mfumo unapokea orodha ya miamala na kuioanisha na ankara zilizo wazi kwa kufuata kiasi, tarehe na jina la mlipaji. Vikilingana, ankara inafungwa. Visipolingana, muamala unatupwa kwenye kapu la visivyooanishwa. Kapu hilo likumbuke, ndimo kazi yako ilimo.

Maana biashara yenu ina desturi zake, na desturi hizo hazikuandikwa popote ila vichwani mwenu. Fundi anaagiza bomba kwa jina la kampuni ya ujenzi, analipa kwa simu ya mkewe. Mteja mkubwa anatuma milioni nne kwa mkupuo kufidia ankara tatu, moja kaimaliza, moja kaipunguza, ya tatu anadai mzigo ulikuwa pungufu. Lipa namba nayo inakata ada yake: mteja kalipa 500,000, kwenu imeingia chini ya hapo, na mfumo usipoelekezwa kutenga ada kama gharama, kila ankara inabaki na kasalio kadogo wazi. Baada ya miezi minne orodha ya wadaiwa imejaa majina ya watu waliokwishalipa, na siku afisa mauzo anapowapigia kuwadai vijishilingi hivyo, mteja anahamia duka la jirani.

Kwenye stoo ni hivyohivyo. Nyaya mnanunua kwa roli na kuuza kwa mita, misumari kwa katoni na kwa kilo. Risiti ya muuzaji inasema "10", mfumo unaandika 10. Kama hakuna aliyeuambia kwamba roli moja ni mita 100, ukiuza mita 30 stoo inaonyesha hasi 20, na ukaguzi wa mwisho wa mwezi unageuka ugomvi wa nani kaiba. Saruji mifuko sita iliyotumika kuziba ukuta wa stoo inaingizwa kama bidhaa ya kuuza. Bati zilizorudishwa na mteja zinaonekana stoo lakini deni lake halijapunguzwa.

Makosa ya usomaji wenyewe nayo yapo, ingawa hayo yatapungua kadiri programu zinavyoboreshwa, kwa hiyo usiyategemee kama kinga yako. Karatasi ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, huchapwa kwa joto; ikikaa mfukoni mwa dereva, kwenye jasho au kwenye dashibodi juani, inafifia. 1 inasomeka 7, 3 inasomeka 8. Tarehe 03/04 inaweza kugeuka Machi badala ya Aprili. Kosa jingine linalotokea mara nyingi ni risiti moja kupigwa picha na watu wawili: dereva na wewe, au wewe leo na mwenzako kesho. Mfumo mzuri hulinganisha namba ya risiti na kukuonya. Wa bei rahisi huingiza gharama mara mbili bila kusema neno.

Penye pesa nyingi zaidi ni VAT. Mashine za EFD ziliingia nchini mwaka 2010, na tangu hapo risiti yake ndiyo ushahidi wa manunuzi mbele ya TRA, mamlaka ya mapato. Ili kampuni idai VAT iliyolipa kwa wauzaji wake, risiti inatakiwa imtaje mnunuzi na TIN yake, na haki ya kudai ina ukomo wa miezi sita tangu tarehe ya hati. Mfumo unaweza kusoma jumla bila kosa, ukaona 18%, ukaiweka kwenye dai, wakati sehemu ya mnunuzi imeachwa tupu kwa sababu muuzaji alikuwa na haraka. Piga hesabu: mzigo wa 11,800,000 VAT ikiwa ndani, kodi yake ni 1,800,000. Dai hilo likikataliwa, tajiri amepoteza karibu mishahara yako mitatu kwa karatasi moja. Mtu anayeliona pengo hilo siku mzigo unaposhuka, akampigia muuzaji arekebishe kabla ya ritani (taarifa ya kodi ya mwezi) ya tarehe 20, amelipa mshahara wake mwenyewe. Vivyo hivyo risiti ya kughushi: hupigwa picha vizuri kama ya kweli. TRA ina huduma ya kuhakiki risiti kwa namba ya uhakiki au kwa kuskani msimbo uliopo chini yake. Fanya hivyo kwa kila risiti kubwa, na kwa wauzaji wapya wote.

Sasa wenzako. Wanaokukataza kumfundisha kijana wa mfumo wanadhani ujuzi wenu ni mateka mnayeweza kumshikilia. Sehemu kubwa ya anachotaka tayari imo kwenye leja zenu za miaka iliyopita. Atachukua faili, ataona mlivyopanga matumizi, na kazi itamchukua siku chache zaidi. Kilichobaki, zile desturi nilizotaja, mfumo utazikosea kwanza, na hapo jina la aliyekataa kusaidia litakuwa limeshaandikwa. Sikwambii ufanye hivyo kwa wema tu. Fanya biashara naye: kwa kila saa unayomweleza, naye akuonyeshe jambo moja. Nani anaruhusiwa kubadili kanuni ya kuoanisha miamala? Kosa likishaingizwa linarekebishwaje bila kufuta? Kumbukumbu ya nani kabadili nini inafunguliwa wapi? Nakala rudufu inahifadhiwa wapi, na mara ngapi? Mwisho wa mwezi hesabu zinafungwaje ili mtu asirudi kuchezea Machi wakati tuko Mei? Anayejua majibu ya maswali hayo matano ndiye msimamizi wa mfumo, hata kama cheo chake bado ni karani. Na dai upewe jina lako la kuingilia na nywila yako mwenyewe. Ofisi nyingi watu watatu wanatumia jina moja. Siku fedha ikipotea, kila kosa lina sahihi yenu nyote.

Kuna dhana nyingine ya kuondoa: kwamba ukijua kompyuta uko salama. Anayejua kuchapa kwa kasi ndiye wa kwanza kuguswa, kwa kuwa kasi ndiyo mashine inayoiuza. Watu hupenda pia kutoa mfano wa M-Pesa, iliyoingia Tanzania mwaka 2008: foleni za kulipia bili zikapungua, na mawakala wakajaa kila kona, kwa hiyo kazi haikupotea bali ilihama. Ni kweli ilihama. Lakini keshia wa dirishani si lazima ndiye aliyekuja kuwa wakala, na wakala analipwa kamisheni, si mshahara wa mwezi. Kazi zikihama hazimbebi mtu. Mtu ndiye huzifuata, na mara nyingi kwa masharti tofauti.

Basi miezi mitatu hii uitumie hivi. Chukua daftari, au jedwali la Excel, uliite daftari la marekebisho. Kila siku andika: tarehe, namba ya hati, mfumo ulisema nini, sahihi ilikuwa nini, shilingi ngapi ziliguswa, na umerekebishaje. Usiandike kwa lugha ya kuuponda mfumo. Dakika ishirini jioni zinatosha. Baada ya wiki nne utaona makosa yamejikusanya kwenye makundi manne au matano, na kila kundi lina dawa yake: ada ya lipa namba inataka kanuni moja iandikwe, roli na mita zinataka vipimo viwekwe mara moja, risiti zisizo na TIN zinataka utaratibu mpya kwa wanaoenda kununua. Tengeneza dawa pamoja na yule kijana. Hapo umegeuka kutoka mtu ambaye kazi yake imechukuliwa na mfumo, ukawa mtu anayeufanya mfumo ufanye kazi.

Sisitiza pia hesabu ziendeshwe kwa njia zote mbili, ya zamani na mpya, kwa miezi miwili kamili. Matajiri wengi huruka hatua hii kwa haraka ya kuokoa mishahara, na ndipo mambo huharibika, hasa kwenye salio la kuanzia. Likiingizwa la tarehe 12 badala ya mwisho wa mwezi, au ankara za wadaiwa zikaingizwa kwa jumla badala ya moja moja, hakuna malipo yatakayooana sawasawa kwa mwaka mzima. Mwisho wa kila mwezi linganisha tarakimu sita tu: salio la benki, salio la lipa namba, jumla ya wanaodaiwa, jumla ya wanaotudai, thamani ya stoo, na VAT ya kulipa au kudai. Zikitofautiana, tofauti hiyo itafutwe hadi shilingi ya mwisho. Ukikutana na tofauti inayogawanyika kwa 9, tazama kama kuna tarakimu mbili zimebadilishana nafasi. Hiyo ni mbinu ya kale ya makarani na bado inafanya kazi.

Upande wa ujuzi, huhitaji shule. Dakika 45 kwa siku, wiki sita, juu ya mambo machache: SUMIFS ya kujumlisha kwa masharti, VLOOKUP au XLOOKUP ya kutafuta kinachokosekana kati ya orodha mbili, jedwali egemeo (pivot table) la kufupisha mauzo kwa mteja na kwa mwezi, na Power Query iliyomo ndani ya Excel, ambayo inasafisha taarifa ya benki kila mwezi kwa kubofya mara moja badala ya saa mbili za kufuta mistari. Ukikwama, programu za mazungumzo zenye akili bandia hueleza fomula vizuri, hata kwa Kiswahili. Tahadhari mbili: usizipe majina, simu wala madeni ya wateja, kwa kuwa tangu mwaka 2022 tuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi na wewe ndiye utakayeulizwa, na usichukue kiwango cha kodi kutoka kwao bila kukihakiki TRA, maana hukosea kwa kujiamini kabisa. Jua pia kalenda ya makato kwa moyo: tarehe 7 ni PAYE (kodi ya mishahara), tozo ya ujuzi ya 3.5% kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 10 au zaidi, na kodi za zuio. Tarehe 20 ni VAT. Kuna NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ya 20% ya mshahara, na WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ya 0.5%. Karani wa kuingiza risiti hahitaji kuyajua hayo. Anayebaki peke yake atayahitaji yote.

Wiki ya sita au ya saba, omba dakika ishirini na tajiri. Nenda na ukurasa mmoja kutoka kwenye daftari lako: makosa mangapi, shilingi ngapi ziliokolewa, nini kimerekebishwa, nini bado. Kisha sema wazi unachoomba: kusimamia mfumo, kukagua miamala isiyooana kila siku, kufunga mwezi na kuandaa ritani. Muulize pia moja kwa moja kama kuna mpango wa kupunguza watu. Wengi huogopa swali hili wakidhani litaharakisha mambo. Mwenye mpango huo anao tayari, na wewe unahitaji kujua ili upange ada za watoto.

Hata ukifanya yote haya, nafasi inaweza kubaki moja na akapewa mwingine, kwa sababu ya undugu au mshahara mdogo zaidi. Kwa hiyo tuzipime zile njia zako tatu.

Kozi ya kuandika programu ndiyo ningeiacha kwanza. Miezi mitatu inakutoa ukiwa mwanafunzi wa mwanzo, na kazi za mwanzo za kuandika programu ndizo ambazo mashine zenyewe zimeanza kuzifanya. Ungeacha fani yenye miaka tisa ya uzoefu ukaingia nyingine ukiwa na miezi mitatu, kwa 1,500,000 ambayo, kama tutakavyoona, inakaribia kiinua mgongo chako chote. Ukitaka cheti, tafuta mafunzo mafupi ya mfumo wenyewe mnaoutumia, au ya Tally na QuickBooks, programu za hesabu ambazo utazikuta kwenye ofisi nyingi za hapa mjini. Karani anayeweza kuhamisha kampuni kutoka madaftari hadi mfumo bila kuvuruga salio la kuanzia ana soko ambalo halijajaa.

CPA, mumeo ana hoja. Mashine haitii sahihi, na kadiri uingizaji unavyokuwa wa mashine, thamani inahamia kwa anayeruhusiwa kuidhinisha. Lakini ni safari ya miaka, si ya miezi, na haitakuokoa ndani ya miezi mitatu hii. Inafaa uianze ukiwa kazini, masomo machache kwa awamu. NBAA, bodi ya wahasibu, hufanya mitihani Mei na Novemba. Kabla ya kulipa chochote, peleka cheti na matokeo yako ya stashahada NBAA wakuambie rasmi unaanzia ngazi gani. Usikubali jibu la wakala wa chuo cha jioni, yeye ana viti vya kujaza.

Duka: unajua bei, unajua wauzaji, na zaidi ya hapo unajua nani halipi madeni, jambo ambalo wafanyabiashara wengi hujifunza kwa hasara. Tatizo ni mtaji. Kiinua mgongo chako hakitoshi duka la vifaa vya ujenzi, na ukikiweka chote kwenye pango la miezi sita na rafu, hakuna cha kununulia mzigo. Ningeiangalia zaidi kazi ya kuwatunzia kumbukumbu wafanyabiashara wadogo wa jirani. Hawa wana sababu ya kukulipa: kwenye kodi ya makadirio, mwenye mauzo ya milioni 10 kwa mwaka bila kumbukumbu hulipa 250,000, mwenye kumbukumbu hulipa 90,000 pamoja na 3% ya kinachozidi milioni 7, yaani 180,000. Viwango hubadilika na sheria ya fedha ya kila Juni, vihakiki. Ila tuwe wakweli kwa hesabu: mtu huyo ameokoa 70,000 kwa mwaka, hawezi kukulipa 40,000 kwa mwezi kwa sababu hiyo pekee. Atakayelipa hivyo ni mwenye duka kubwa kidogo ambaye hajui wafanyakazi wake wanauza nini akiwa safarini. Ukipata wanane wa namna hiyo kwa 40,000, ni 320,000, nusu ya mshahara wako, na kuwapata wanane kunaweza kuchukua mwaka. Anza na wawili jioni na Jumapili, ukihakikisha mkataba wako haukukatazi na si washindani wa tajiri. Mpaka wako pia uujue: kutunza daftari ni jambo moja, kuthibitisha hesabu au kujiita mshauri wa kodi kunahitaji usajili.

Sasa sheria, na hapa usitegemee ushauri wa kusoma peke yake. Tanzania Bara, mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa sababu ya teknolojia anatakiwa kutoa taarifa ya kusudio mapema, kueleza sababu, kushauriana nanyi au chama chenu kuhusu njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua nani aondoke, na malipo. Kutangaziwa asubuhi na kuondoka jioni si utaratibu. Anayelipwa kwa mwezi anastahili notisi isiyopungua siku 28 au malipo yake, likizo ambayo hajaenda, na kiinua mgongo cha angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Kwa mtu wa siku sita kwa wiki, mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 26: 650,000 ni 25,000 kwa siku, mara 7, mara 9, unapata 1,575,000. Wapo wanaogawa kwa 30 ili ipungue hadi 1,365,000. Uliza wamegawa kwa ngapi. Ukipewa nafasi nyingine ya kazi yenye maana ukaikataa bila sababu ya msingi, haki ya kiinua mgongo inaweza kupotea, kwa hiyo usikatae kwa hasira ofa ya kuhamia stoo au mauzo kabla ya kushauriana.

Hatari kubwa zaidi ni karatasi ya kujiuzulu "kwa hiari" inayoletwa na bahasha. Ukisaini, umejiondoa mwenyewe: kiinua mgongo kinakuwa hisani, na fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyejiuzulu. Fao hilo ni 33.3% ya mshahara, kwako kama 216,000, kwa miezi sita, kwa aliyechangia angalau miezi 18. Wiki hii omba taarifa ya michango yako NSSF, kwa sababu mwajiri aliyeruka miezi hugundulika siku ya kudai, na siku hiyo huwa hapokei tena simu yako.

Kwa wasomaji wa Kenya wenye swali hilohilo: kiinua mgongo chenu ni cha siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, na notisi ya mwezi mmoja inatakiwa kumfikia pia afisa wa kazi. Kazi ya kukagua nayo ipo, maana tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato ya Kenya, haikubaliki kupunguza kodi.

Barua yoyote ikitua mezani, dada, usiisaini siku hiyo. Andika "nimepokea" na tarehe, chukua nakala, uende kwa mtu wa ana kwa ana: TUICO, chama cha wafanyakazi wa viwanda na biashara, kama mna tawi, au msaada wa kisheria wa LHRC, kituo cha sheria na haki za binadamu. Ukiona umeachishwa isivyo haki, una siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kufungua mgogoro CMA, tume ya usuluhishi na uamuzi ya migogoro ya kazi, kwa fomu namba 1, na huduma yao hailipiwi. Nenda na mkataba, hati za mshahara za miezi mitatu ya mwisho, barua zote na kitambulisho, na usiache daftari lako la marekebisho nyumbani.